Kipimo cha Mkono wa Verlon

Tarver Bottom, Mississippi
22 Februari 1976

Kaka Verlon,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umembeba Tobe. Ana miezi saba na meno yanamsumbua, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ujue ni mate ya mpwa wako, yapokee kama salamu. Darnita hajambo. Ametimiza miaka minne na anajua kusema hapana kwa kila kitu. Mume wangu Cleotis yuko Memphis kikazi. Mjomba Hosie anakusalimu, anasema ngoma kubwa ameivika ngozi mpya na hataki kusikia kwamba huko Detroit umesahau mwendo.

Sasa Babu. Kifua kimembana tangu Krismasi. Jumapili iliyopita aliishusha filimbi, akaiweka mdomoni, ikatoka hewa tupu. Akaifuta kwa shati, akairudisha juu ya kabati, akaniomba kahawa. Mimi ndiye niliyeenda jikoni nikalia huku nachemsha maji.

Filimbi zote za zamani zimepasuka. Unajua zilivyo: mwanzi usipopata pumzi ya mwenyewe hukauka ukafanya ufa kwenye matundu. Umebaki mwanzi mmoja tu mzuri, ule alioukata mtoni miaka mitatu iliyopita, unaning'inia juu ya jiko. Anataka kukutobolea wewe. Anasema kwenye karamu ya mbuzi, mwezi wa nane, utapiga wewe, na yeye atakaa kwenye kiti chake asikilize, basi, hana ombi lingine duniani. Na wewe unajua hapa uwanjani hakuna aliyewahi kugusa nyama kabla filimbi haijalia.

Anachotaka kwako ni hiki: weka mikono yako yote miwili juu ya karatasi, uizungushe penseli, utume. Ulipoondoka ulikuwa na miaka kumi na tisa, na anasema mkono wa mwanamume huendelea kukua. Matundu lazima yakae chini ya vidole vyako, si vya mtu mwingine.

Usichelewe, kaka. Nakuomba usichelewe.

Dada yako,
Ozella


Detroit
19 Machi 1976

Zella, mdogo wangu,

Salamu nimezipata pamoja na mate. Huku theluji bado haijaondoka. Mimi mzima, kazi ipo, chumba nakaa na mwenzangu mmoja wa Alabama anaitwa Wendell, mkoromaji mkubwa.

Mwezi wa nane siwezi kuahidi. Msimamizi wetu kiwandani hapendi kusikia neno likizo. Na kuhusu filimbi, madukani huku zipo za chuma, zimeshatobolewa tayari, hazipasuki. Naweza kutuma moja, Mjomba Hosie amfundishe yeyote anayetaka. Kwa hiyo mchoro hauna haja.

Samahani kwa mwandiko, naandika ndani ya basi.

Mwambie Babu anywe dawa.

Verlon


Tarver Bottom
11 Aprili 1976

Kaka Verlon,

Basi gani hilo? Herufi zako zinayumba kama kuku waliokunywa pombe. Darnita ameiona barua akadhani ameandikiwa na mtoto mwenzake. Hata hivyo sote tunaendelea. Tobe meno mawili. Cleotis hajambo.

Nilimsomea Babu habari ya filimbi ya chuma. Akakohoa mpaka nikamshika mgongo, kumbe anacheka. "Mwambie mjukuu wangu hilo ni bomba la maji."

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka mahakamani mjini, kofia nyeupe, faili mkononi. Nchi inatimiza miaka mia mbili mwezi wa saba, na wao wanaandaa sherehe ya muziki wa Amerika na mizizi yake. Wanataka watu wa ngoma waje wapige kwenye nyasi za mahakama.

"Tunatafuta mizizi, Bwana Pettis," akasema.

"Basi ungekuja na jembe, mama," akasema Babu.

Mjomba Hosie ilibidi atoke nje. Kisha Babu akamweleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Kwamba zamani za utumwa mtu wa huku alichapwa kwa kupiga hata ndoo. Kwamba vita vya kuuondoa utumwa vilipokwisha babu yake yeye alirudi na ngoma ya jeshi mgongoni, akaenda mtoni akakata mwanzi, akauchoma matundu, akachinja mbuzi, akasema hakuna atakayekula kabla waliokufa kimya hawajapigiwa. "Wafu wangu hawako kwenye nyasi za mahakama," akasema. "Mwezi wa nane njooni ninyi hapa. Mjukuu wangu atapiga." Akalitaja jina lako, na yule mama akaliandika.

Kwa hiyo umeandikwa, kaka.

Siku hizi analala amekaa, akilala chali hapumui. Gari la posta likipita haulizi kitu kingine. "Zella, mkono umekuja?" Namjibu bado. Nimechoka kusema bado.

Ozella


Detroit
21 Mei 1976

Zella,

Mchoro huo hapo, mikono miwili. Wasalimie wote. Cleotis bado yuko Memphis? "Hajambo" tu, huandiki zaidi.

V.


Tarver Bottom
6 Juni 1976

Verlon,

Leo sina salamu. Tobe anaumwa sikio, Darnita amemwaga unga wote wa mahindi sakafuni, na nisipokaa kukuandikia nitavunja sahani.

Mchoro wako ulipofika Babu alivaa shati la kanisani. Nikamkokota na kiti mpaka uani, nikawasha moto, nikaweka chuma kikaiva chekundu. Akatoboa tundu la mdomo kwanza, kama kawaida yake. Unajua likishatobolewa hilo hakuna kurudi nyuma, mwanzi umeshakuwa filimbi ya mtu. Moshi wake ulinukia, Verlon. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Bibi akiwa hai.

Kisha akaweka mchoro wako gotini. Macho yake hayana nguvu, kwa hiyo akaufuata mstari wa penseli kwa ncha ya kidole. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Akapapasa tena.

"Zella, huyu nani?"

"Verlon, Babu."

"Verlon kidole chake kidogo cha kushoto kimepinda. Alikibana na lango akiwa na miaka tisa, nikakifunga mimi kwa kijiti, kikapona kombo. Hiki kimenyooka kama msumari. Huyu mtu mimi simjui."

Akakizika chuma kwenye majivu, akaniambia nimrudishe ndani.

Umetuletea mkono wa nani humu nyumbani? Uko jela? Unaumwa? Una mwanamke usiyetaka tumjue? Sema chochote, lakini sema. Mwanzi ni mmoja. Babu ni mmoja. Nampitia mbali nikijifanya nafagia.

Ozella


Detroit
30 Juni 1976

Zella,

Ni mkono wa Wendell. Nilimwambia ni mchezo tu.

Mwezi wa kumi na moja mashine ya kukandamiza mabati ilishuka kabla sijautoa mkono. Wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati havipo tena. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Sasa nafagia sakafu ile ile, na ile mashine naipita mara kumi kwa siku. Lile basi uliloniuliza ndilo hilo: naandika kwa mkono wa kushoto.

Unakumbuka Babu alivyonifundisha? Nilisimama katikati ya magoti yake, akaviweka vidole vyangu juu ya vyake, kimoja kimoja, kisha akawa anavitoa vyake chini taratibu mpaka nikajikuta napiga peke yangu. Vya kwanza vilikuwa hivyo hivyo viwili, Zella. Nitamwambia nini? Nimevipeleka Detroit nikavipoteza?

Mwambie likizo imekataliwa. Mwambie nimekufa ukitaka, ni rahisi zaidi. Ila hili usimwambie.

Na usinihubirie habari za kusema ukweli. Nimekuuliza Cleotis, ukaruka kama hukuona.

Verlon


Tarver Bottom
11 Julai 1976

Kaka yangu,

Cleotis aliondoka tarehe tisa mwezi wa kwanza, baada ya kifungua kinywa. Alimaliza mayai yake yote. Yuko Memphis kweli, ila hayuko kikazi. Haya, umejua. Sikukuambia kwa sababu ile ile iliyokufunga wewe mdomo.

Barua yako nilimsomea Babu yote, hata pale uliposema nisimwambie. Kasirika tu. Mtu anayehesabu pumzi zake siwezi kumrukia mistari. Daktari mwanzoni alisema hatafika majira ya baridi. Juzi amesema tusihesabu mwezi wa tisa.

Jioni nilipompelekea Babu mkate akanishika mkono wa kulia, akakunja kidole changu cha shahada, akakunja cha kati, akavibana. Akabaki kuvipapasa vilivyosimama.

"Vitatu kushoto, viwili kulia," akasema. "Matundu matano. Nitayasogeza."

"Inawezekana, Babu?"

"Mimi napiga bila meno ya mbele tangu wewe hujazaliwa. Nani aliniuliza kama inawezekana? Mwambie achore vilivyobaki. Na asinitumie wageni tena."

Kisha akageuka ukutani. Mabega yalimtikisika muda mrefu. Nilijifanya nakunja shuka.

Sasa niseme langu, kwa sababu tangu mwezi wa pili nakuandikia filimbi, filimbi, kama vile sina shida nyingine. Namgeuza Babu kitandani peke yangu na Tobe yuko mgongoni. Nafua, napika, nalisha mdomo wa mtoto na mdomo wa mzee kwa kijiko kile kile. Jana nilitoka uani nikasahau nimefuata nini, nikakaa chini kwenye vumbi mpaka Darnita akaja kunivuta mkono. "Mama, inuka, wewe si kuku." Siwezi peke yangu. Nimeliandika na sitalifuta.

Sikukuomba vidole kumi. Njoo na hivyo vinane.

Zella wako


Detroit
3 Agosti 1976

Zella,

Huu ndio wenyewe. Nimeuchora mara sita. Wa kulia nimeuzungusha penseli kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mstari unatetemeka. Usimwonyeshe Darnita.

Nisamehe kwa habari za Cleotis. Ningekuwa karibu ningemtafuta.

Kuja siahidi. Nikiahidi halafu nisije utanichukia.

V.


Tarver Bottom
19 Agosti 1976

Kaka Verlon,

Keti kwanza, kama umesimama.

Mkono wako ulifika Ijumaa ya tarehe sita. Babu aliupapasa mara moja tu. Alipofika kidole kilichopinda akasema, "Karibu nyumbani." Alipofika pale pasipo na kitu hakuinua kidole chake, alikiacha hapo hapo, akakaa.

Niliukata mchoro kwa mkasi, nikauviringisha juu ya mwanzi. Hakuweza kutoka tena, kwa hiyo nilileta makaa ndani kwenye ndoo. Mimi nilishika mwanzi, yeye alishika chuma. Tundu moja lilimchukua siku mbili, leo anaanza, kesho anamaliza, kwa sababu pumzi haikutosha. Manne yakawa tayari. Jumatatu akaweka alama ya tano kwa mkaa, akasema atapumzika kidogo. Jumanne asubuhi nilimpelekea uji wa mahindi, nikaukuta mkono wake umeshika filimbi na wenyewe umepoa.

Tundu la tano nimelichoma mimi, kabla hawajaja kumchukua. Nilifunga mlango, nikaivisha chuma, nikachoma palepale alipoweka alama, yeye amelala pembeni yangu. Limekaa kombo kidogo.

Tunamzika Jumamosi. Usije.

Umesoma vizuri. Ni neno lake, alinirudishia mara mbili. "Usimwite kwa maziko. Mwite kwa mbuzi. Akija kunizika atalia, atakula keki za watu, atarudi Detroit. Akija kwa mbuzi itabidi apige." Ndiyo maana sikukimbilia simu ya dukani.

Karamu ipo, tarehe ishirini na nane. Mjomba Hosie ameuliza watu wote na wote wamesema iwepo. Mbuzi watatu wameshafungwa nyuma ya nyumba. Yule mama wa kofia anakuja na watu wake.

Nimejaribu kuipiga. Vidole vyangu vinaangukia mahali pasipo na tundu. Mjomba Hosie naye amejaribu, akairudisha kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Haipigiki, kaka, ila kwa mkono ulioutuma. Na ni mpya, inataka pumzi ya mwenyewe kabla haijakauka.

Kuna basi linatoka Memphis saa tatu asubuhi, na lingine saa sita. Mjomba atakuwa kituoni kwa yote mawili.

Zella


Memphis, kituo cha mabasi
28 Agosti 1976

Zella,

Ni Jumamosi, saa nane mchana. La saa tatu limeondoka nikiliangalia. La saa sita pia. Tiketi ninayo, imelowa jasho.

Nimefika mpaka hapa, hilo ulijue. Nimekaa kwenye benchi, mkono mfukoni. Mama mmoja hapa jirani anautazama mfuko wangu kama nimeficha bastola.

Najua sasa hivi nyama imeiva. Najua mmekaa na sahani. Nilidhani ninachoogopa ni wale wazee kunitazama mkono, kumbe ni kile kiti cha Babu kitupu. Angekuwepo ningepiga vibaya, akanicheka, tukaanza upya. Sasa nitapiga vibaya mbele ya nani?

Nachukua basi la kurudi. Waambie wale nyama. Tafadhali, waambie tu wale.

Verlon


Tarver Bottom
2 Septemba 1976

Kaka Verlon,

Barua yako yenye muhuri wa Memphis imefika jana. Tobe ameanza kutembea, anaelekea jikoni tu. Darnita anauliza kama Babu ameenda Detroit, maana kwa akili yake huko ndiko wanakokwenda watu wasiorudi.

Hatukula.

Mbuzi waliwekwa motoni alfajiri. Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Mjomba Hosie alisubiri basi la kwanza, akarudi peke yake. Akasubiri la pili, akarudi, akaegesha gari, akakaa humo ndani bila kushuka. Watu wakaketi na sahani zao mapajani. Harufu ya nyama unaijua. Watoto walilia, nikawagawia mkate. Saa kumi yule mama wa kofia akamsogelea Mjomba, mashine yao ya kunasa sauti inazunguka bure. "Tunangoja nini, Bwana Hosie?"

"Mizizi," akasema Mjomba. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kisha akaivaa ngoma kubwa. Akapiga mwendo wa kwanza, akaacha nafasi ya filimbi. Kimya. Akapiga tena, akaacha. Aliuzunguka uwanja mzima namna hiyo, akipita mbele ya kile kiti, na kila alipoiacha ile nafasi watu waliinamisha vichwa. Kina mama walianza kulia hapo. Kwenye maziko hawakulia vile.

Uliniambia niwaambie wale. Sikuwaambia. Nilisimama mlangoni na filimbi mkononi, Tobe kiunoni, nikasema, "Mwenyewe hajafika." Basi. Hakuna aliyekutukana. Wazee wakazifunga sahani zao tupu kwenye vitambaa, wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Bibi Lutie, yule kipofu wa ng'ambo ya reli, akaniuliza, "Hajafika, au haji?" Nikamwambia hajafika. Usinifanye mwongo kwa kipofu. Nyama tumeitundika kwenye kibanda cha moshi. Itakaa wiki moja, labda mbili. Sahani wamesema watarudi nazo.

Umeuliza utapiga vibaya mbele ya nani. Mbele yangu. Mimi nina masikio, Verlon. Nilikuwa chini ya meza ile siku unafundishwa, nakumbuka ulivyopiga vibaya hata paka akahama. Piga vibaya tena. Nitacheka mimi.

Neno la mwisho. Filimbi imepata ufa. Umeanzia kwenye tundu la tano, lile langu la kombo, mwembamba kama unywele wa Tobe. Tangu Jumapili naamka kabla ya watoto, nakaa kwenye ngazi za nyuma, naipulizia. Hailii, inatoa hewa tu kama ilivyomfanyia Babu. Lakini inapata unyevu, na ufa haujasogea, naupima kwa kucha kila asubuhi. Nikikosa siku moja utasogea, na ukifika tundu la nne basi, mwanzi mwingine hakuna na wa kuutoboa hayupo.

Mimi si mwenyewe. Naishikilia tu. Pumzi niliyonayo ni ndogo, na watoto wawili wanaitaka pia.

Basi ni saa tatu, kila siku isipokuwa Jumapili. Sitaandika tena. Mkono huu una kazi.

Ozella